Grinda, mashine ya petroli, msumeno wa upanga au nyundo: uchukue kipi kwenye saiti ya kubomoa Nairobi?

Watu hupita nje ya mabati ya saiti pale Kileleshwa au Kilimani, wakasikia vishindo, wakadhani kubomoa ni nyundo tu. Ukiingia ndani unakuta kinachochelewesha kila mtu ni kukata: chuma kinachoning'inia kwenye slabu, kenchi zilizojaa misumari, fremu za madirisha, mabomba ya zamani yaliyozikwa ukutani. Hapo ndipo msimamizi huulizwa, "Mzee, tulete mashine gani?" Na jibu lake ndilo linaloamua jioni ile watu watarudi nyumbani na vidole vingapi.

Nilianza kazi hii nikiwa kibarua wa kubeba mawe, siku hizi nasimamia kikundi kidogo. Naandika kwa mwenye nyumba, msimamizi au fundi aliyekwama kati ya vyombo vinne vinavyopatikana hapa mjini: nyundo na wenzake, grinda (ile mashine ya mkono inayozungusha diski), mashine ya petroli ya kukatia zege, na msumeno wa umeme ule wenye upanga mrefu mwembamba unaokwenda mbele na nyuma. Huo wa mwisho nitauita msumeno wa upanga. Ekskaveta naiacha kando, maana hiyo ina dereva wake na hatari zake.

Tupime kwa vipimo gani

Kipimo changu cha kwanza ni hiki: chombo kikikosea, kinakosea vipi? Kila chombo kina siku yake ya kukosea. Kingine siku hiyo kinasimama tu, kingine kinakurudia usoni, kingine kinapasuka vipande. Ukilijua hilo unajua umepewa nini mkononi.

Halafu tutatazama kinakata nini vizuri, kinatoa vumbi, moshi au cheche kiasi gani, kinahitaji nini ili kifanye kazi, na mwisho kinamfaa nani. Kasi sikuiweka kati ya vipimo. Kila mtu huitazama bila kuambiwa, nami nimeiona ikisababisha uamuzi mbaya mara nyingi mno.

Kuna mambo mawili ya kumaliza kabla chombo chochote hakijaguswa. Kwanza, hakikisha stima imekatwa kutoka kwenye mita na maji yamefungwa, kisha upime nyaya kwa testa. Usikubali neno la mtu kwamba "zimekufa". Pili, tazama paa. Nyumba nyingi za zamani Nairobi ziliezekwa kwa asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Bati la asbesto halikatwi kwa chombo chochote kati ya hivi vinne, wala halivunjwi kwa nyundo. Huteremshwa zima na likiwa limelowa, na watu wenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na saratani yake hujitokeza miaka mingi baadaye, mtu amekwisha sahau hata jina la saiti ile.

Nyundo, patasi, mtaimbo na mkasi wa chuma

*Kinachokata.* Karibu kila kitu, ukiwa na muda. Nyumba za mawe ya machimbo ya Ndarugo hufunguka vizuri kwa mtaimbo na patasi, na jiwe likitoka zima lina mnunuzi. Ringi za milimita 8, zile chuma nyembamba zinazozunguka nondo, zinakatwa na mkasi mrefu wa chuma bila cheche hata moja. Chuma kinene ndicho tatizo. Kukikata kwa msumeno wa mkono ni kazi ya mtu mwenye subira, na mara nyingi vijana huishia kukikunja huku na huku mpaka kivunjike, kikiruka na kumpiga mtu.

*Kinavyokosea.* Kwa kidogo kidogo. Kidole kinapondwa, kipande cha jiwe kinaingia jichoni, mgongo unalalamika. Itazame patasi kabla hujaigonga: kichwa kilichopanuka kama uyoga kitarusha kipande cha chuma siku moja, basi kisagwe kwanza. Lakini hatari kubwa ya njia hii haimo kwenye nyundo yenyewe. Ni kwamba watu wengi wanakaa muda mrefu chini ya jengo lililolegea. Nimewahi kuona vijana wakichimba ukuta kutoka chini ili uanguke wote kwa mpigo mmoja. Ukuta hauna adabu ya kuangukia upande uliopangiwa. Ubomoaji huanza juu kushuka, haidhuru una chombo gani.

*Vumbi, moshi, cheche.* Vumbi lipo, ila chembe ni kubwa kuliko za diski na nyingi huanguka chini. Kunyunyizia maji kunasaidia sana.

*Kinahitaji nini.* Watu, siku, na msimamizi anayetazama juu muda wote.

*Kinamfaa nani.* Mwenye nyumba anayetaka kuokoa mawe, milango na mbao, na kikundi kilicho mahali pasipo stima. Kinamfaa pia anayebomoa chumba kimoja huku jirani wakiendelea kuishi ukuta wa pili.

Grinda

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kila saiti, na ndiyo iliyotuumizia watu wengi kuliko zote.

*Inachokata.* Chuma, vigae, mabomba, zege jembamba. Ndogo ina diski ya milimita 115, kubwa ina ya milimita 230. Hata ile kubwa haipenyi zaidi ya sentimita 6 na kidogo, kwa hiyo anayetaka kukata slabu nene kwa grinda anajitafutia ugomvi na mashine.

*Inavyokosea.* Chukua diski uisome. Imeandikwa mita 80 kwa sekunde, yaani ukingo wake unaruhusiwa kwenda kama kilomita 288 kwa saa, na zaidi ya hapo haikujengwa kuvumilia. Kwenye ile pete ya chuma ya katikati pana mwezi na mwaka wa kuisha muda. Gundi inayoshika chembe za diski huzeeka, hasa ikilowa, na diski ya zamani inaweza kupasuka ikiwa mpya machoni.

Sasa jambo linaloniumiza roho. Tundu la katikati la diski ya milimita 230 ni sawa na la diski ndogo, kwa hiyo inaingia kwenye grinda ndogo, mradi utoe gadi, kile kifuniko cha chuma kinachokukinga na diski. Grinda kubwa inazunguka kama mara 6,600 kwa dakika, ndogo inafika 11,000. Piga hesabu: diski kubwa kwenye grinda ndogo inakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Diski iliyojengwa kuvumilia 80. Ikipasuka hapo haichagui, inaingia tumboni, shingoni au usoni, na gadi ambayo ingeizuia iko ndani ya boksi la spana.

Nduguye ni msumeno wa meno wa kukatia mbao uliofungwa kwenye grinda. Mbao za kubomolewa zina misumari. Jino likinasa msumari, mashine inapiga teke kabla ubongo haujapata habari. Grinda haina kitu cha kuuzuia huo msumeno, na mshiko wake hautoshi kumzuilia mtu teke hilo. Usiufunge, hata kwa ubao mmoja.

Ajali niliyoiona kwa macho haikuhitaji hata hayo. Tulikuwa tukibomoa nyumba ya ghorofa moja, na mwenzangu alikuwa anakata chuma cha lenta (boriti ya zege inayopita juu ya madirisha) kilichobaki kimeshika bonge la zege. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye grinda na wa kushoto umeshika chuma kisiyumbe. Gadi ilikuwa imetolewa na aliyetuajiri, eti inazuia kuona mstari. Alipofika katikati, bonge lilishuka kidogo, pengine upana wa ukucha, mkato ukajifunga na kuibana diski. Sauti ya mashine ilibadilika kwanza, ikawa nzito kama gari linalopanda mlima kwa gia isiyofaa. Sekunde hiyo ndiyo ya kuachia swichi. Yeye swichi alikuwa ameifunga iwake yenyewe. Grinda iliruka, ikapita juu ya mkono wa kushoto, na kidole gumba kikaanguka kwenye vumbi mbele ya viatu vyangu.

Tulikiokota tukakitumbukiza moja kwa moja kwenye barafu ya muuza soda. Tulidhani tumefanya vyema. Daktari alituambia nyama ilikuwa imeungua kwa baridi, na hakuweza kukirudisha. Njia sahihi ni hii, na naomba uikariri: kandamiza kidonda kwa kitambaa safi na uinue mkono juu. Kipande kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ndipo mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Barafu isiguse nyama. Nendeni moja kwa moja hospitali yenye upasuaji, mkipiga simu mbele. Mwaka 2018 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta waliunganisha upya mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, kwa hiyo si ndoto. Ila mkono wenye misuli hauvumilii saa nyingi kama kidole.

*Vumbi, moshi, cheche.* Cheche zake huruka mbali na hulala kwenye takataka, zikawaka watu wamekwenda kula. Weka mtu wa kutazama mahali hapo nusu saa nzima baada ya kukata. Kwenye zege na mawe hutoa vumbi jembamba lenye silika, ambalo huacha makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na unamfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tafuta ya daraja la N95 au FFP2, ikae sawasawa usoni. Na usimwagie grinda ya stima maji ili kuua vumbi, utajiua wewe.

*Inahitaji nini.* Gadi, mshiko wa pembeni na mikono miwili. Miwani ya kazi na ngao ya uso vivaliwe pamoja. Glavu ziwe za ngozi zinazobana, si zile za nyuzi zinazoning'inia. Na kwa mji wetu ongeza jambo moja: stima ikipotea ukiwa umefunga swichi, itakaporudi grinda itaamka sakafuni ikitambaa yenyewe. Anayenunua mpya atafute ile inayokataa kuwaka stima inaporudi mpaka swichi izimwe kwanza.

*Inamfaa nani.* Fundi aliyeonyeshwa kazi, anayekata chuma kilichoegemezwa vizuri na kisichobeba mzigo. Diski zake zinapatikana kila duka la hadiweya kuanzia Kamukunji hadi Rongai, na hiyo si faida ndogo: diski ikiisha muda, mpya iko hatua chache tu.

Mashine ya petroli

*Inachokata.* Zege, lami, ukuta wa mawe na chuma kinene. Ya diski ya milimita 300 huingia sentimita 10, ya 350 kama sentimita 12 na nusu. Kazi ya kutenganisha jengo linalobaki na linalobomolewa ni yake. Mkato wake hunyooka na mtikisiko hauvuki kwenda kwa jirani.

*Inavyokosea.* Mara chache, lakini kwa ukubwa. Ina uzito wa kilo 10 hivi kabla hujatia mafuta. Robo ya juu ya diski, ile iliyo mbali nawe, ikigusa kitu au ikibanwa, mashine nzima inainuka kuelekea kifuani na usoni. Kwa hiyo haikati juu ya mabega, haipandi ngazi, na wewe husimami kwenye mstari mmoja na diski. Majeraha yake si ya kidole. Ni ya paja, shingo na uso.

*Vumbi, moshi, cheche.* Nyingi huja na kiungio cha mpira wa maji, na hapo huishinda grinda kwa mbali: vumbi linageuka tope na kutiririka chini. Tatizo ni maji yenyewe. Mtaa ukiwa kwenye zamu ya mgao, pipa liwe limejazwa tangu jana. Moshi wake una kaboni monoksidi, usioonekana wala kunuka, na unaua. Ndani ya stoo, basementi au chumba chenye dirisha moja, mashine hii haiingii hata kwa dakika kumi.

*Inahitaji nini.* Mtu mwenye nguvu na aliyefundishwa, na mwenzake wa kutazama. Petroli huongezwa injini ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na mahali pa kukatia. Wengi Nairobi huikodi kwa siku, na hapo ndipo pana mtego: siku ikielekea kuisha, watu hukata kwa pupa ili mashine irudishwe. Kodi siku ya pili.

*Inamfaa nani.* Mkandarasi mwenye slabu au ukuta mrefu wa kukata nje, mahali pa wazi, na mwenye fundi anayeijua. Kwa chuma kimoja kimoja ni kubwa kupita haja.

Msumeno wa upanga

*Unachokata.* Mbao zenye misumari, fremu za madirisha, mabomba ya chuma na plastiki, chuma chembamba. Zege hauliwezi. Nondo ya milimita 16 utaikata, ila utakula upanga na subira.

*Unavyokosea.* Hapa ndipo unaponivutia. Hauzunguki, kwa hiyo hauna diski ya kupasuka. Upanga ukinasa, mashine inatikisa mikono kwa fujo na pengine upanga unavunjika, lakini ukiachia swichi umesimama. Teke lake hupungua sana ukikandamiza kile kiatu cha mbele, bamba lililo mwanzoni mwa upanga, dhidi ya unachokata. Hatari yake imejificha upande wa pili: upanga unatokea nyuma ya ukuta usikoona, kwenye waya au bomba. Na wengi hujikata wakibadilisha upanga bila kutoa betri, au wakiushika ungali wa moto.

*Vumbi, moshi, cheche.* Kidogo kuliko zote za mashine. Karibu na dari ya mbao au takataka kavu, hilo ni jambo kubwa.

*Unahitaji nini.* Betri au stima, na panga za ziada. Duka la mtaani halina kila mara, kwa hiyo zinunuliwe mjini kabla kazi haijaanza. La sivyo, upanga ukiisha saa nane mchana, mtu atarudi kwenye grinda yenye msumeno wa meno.

*Unamfaa nani.* Kikundi kinachotoa paa, milango na mabomba, na fundi ambaye bado ni mpya kwenye mashine.

Bei ambayo haiko dukani

Anayelinganisha bei za mashine aongeze na hii. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na kanuni za ujenzi za 1984 zina masharti ya ubomoaji. Ile ya fidia, watu wanayoiita WIBA, pia ya 2007, inampa mwajiri siku 7 za kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na mfanyakazi miezi 12 ya kudai. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kwa asilimia kulingana na kiungo kilichopotea. Mwenzangu hakuyajua haya. Alipewa nauli na pesa za dawa, akaambiwa apone kwanza. Alipokuja kuuliza, mwaka ulikuwa umepita.

Hali yako ni ipi?

Kama unashusha nyumba ya zamani na unataka kuuza mawe na mbao, anza na mtaimbo na nyundo, uongeze msumeno wa upanga kwa kenchi na fremu. Grinda ibaki kwa chuma kilicholala chini tayari.

Kama chuma bado kimebeba zege linaloning'inia, usikikate kwa mashine yoyote kabla mzigo haujateremshwa au kuegemezwa. Nguzo mbili za mbao chini ya lenta ile zingemwachia mwenzangu kidole chake.

Ukiwa na slabu ya kukata kwa mstari nje mahali pa wazi, na maji yapo, mashine ya petroli ina haki yake. Kazi hiyohiyo ikiwa ndani ya basementi, rudi kwenye nyundo na patasi, au tafuta mwenye mashine ya stima iliyojengwa kukata kwa maji.

Ukiwa unabomoa ukuta wa ndani kwenye ghorofa lenye wapangaji, vumbi na waya ndio adui. Fungua plasta kwa patasi uone kilicho ndani, kisha msumeno wa upanga ufuate.

Kama wewe ni kijana wa vyuma chakavu, unayeingia baada ya mashine kubwa kuondoka, najua grinda ya kuazima ndiyo inakulipa haraka. Ringi zote zikate kwa mkasi. Chuma kinene kivute kitoke kwenye kifusi kwanza, ukilaze juu ya mawe mawili na kipande unachokiondoa kikining'inia nje, ili mkato ufunguke badala ya kujifunga.

Na kama umepewa grinda isiyo na gadi na msimamizi anasema siku imekwisha, mwambie, "Mzee, nipe gadi au nipe mkasi." Mkasi utamaliza ringi zote kabla hajarudi kutoka dukani.